Mtego Chini ya Ukurasa: Makro na Utawala wa Mpangilio wa Maandishi

Neno makro asili yake ni Kigiriki, na maana yake ya kwanza ni urefu au ukubwa. Wataalamu wa kompyuta walilichukua katika miaka ya 1950 ili kuita amri moja fupi inayosimama badala ya amri nyingi: mtu huandika jina tu, na mashine huweka mahali pake fungu zima la maagizo. Mwaka 1960 Douglas McIlroy, wa maabara ya Bell huko Marekani, alichapisha makala iliyoonyesha jinsi lugha ya programu inavyoweza kupanuliwa kwa njia hiyo na mtumiaji mwenyewe. Makala hiyo haikuhusu uchapaji. Hata hivyo, ni kwa kupitia mlango huo kwamba utawala wa ukurasa ulitoka mikononi mwa fundi ukaingia mikononi mwa mwandishi, kisha, kama itakavyoonekana, ukaanza kumponyoka.

Katika zama za herufi za risasi, ukurasa ulikuwa milki ya mpiga chapa. Mwandishi alileta maneno. Mpangaji wa herufi ndiye aliyeamua mstari wa mwisho uangukie wapi na tanbihi ianzie wapi, na ndiye aliyeangalia kwamba mstari wa mwisho wa aya hauachwi peke yake juu ya ukurasa unaofuata. Ujuzi huo ulikaa machoni na mikononi mwake, nao ulirithishwa kwa kufanya kazi kuliko kwa vitabu. Aliyetaka kuutia ndani ya mashine alilazimika kwanza kuueleza kwa maneno, na hapo ndipo ugumu ulipojitokeza.

Jaribio la mapema linalojulikana sana ni lile la Jerome Saltzer katika chuo cha MIT mwaka 1964, aliyeandika programu iitwayo RUNOFF, ambayo pia ilimsaidia kutayarisha tasnifu yake ya udaktari. Mwandishi alipiga maandishi yake kwa taipu na kuweka katikati yake mistari ya amri inayoanza kwa nukta: urefu wa mstari, urefu wa karatasi, kuanza ukurasa mpya. Amri hizo zilikuwa chache na zimefungwa. Aliyetaka ukurasa wa namna ambayo Saltzer hakuifikiria hakuwa na la kufanya.

Kutoka RUNOFF ikazaliwa roff, na kutoka roff zikazaliwa nroff na troff, kazi za Joseph Ossanna wa maabara ya Bell. Roff ilikwisha kupata wateja wake mwaka 1971, yaani makarani wa idara ya hataza, ambao kazi yao ilidai kurasa zenye mistari iliyotiwa namba. Troff ilifuata mwaka 1973, ikiongoza mtambo wa kupiga chapa kwa mwanga uliobeba aina 4 za herufi, kila aina ikiwa na alama 102. Lakini jambo kubwa alilolifanya Ossanna halikuwa kuongeza amri, bali kuacha baadhi yake. Troff ikiachwa bila makro haijui pambizo ya juu wala ya chini. Humimina maandishi toka ncha hadi ncha ya karatasi. Badala ya kuamua ukurasa uweje, Ossanna alimpa mtumiaji chombo alichokiita mtego.

Mtego ni alama iliyotegwa mahali fulani kwenye urefu wa ukurasa. Maandishi yakishuka hadi hapo, makro iliyotajwa hujifyatua yenyewe. Mstari mfupi kama «.wh -1i fo» una maana kwamba, inchi 1 kabla ya mwisho wa karatasi, makro iitwayo «fo» iitwe, nayo ndiyo huandika namba ya ukurasa na kufungua ukurasa mpya, ambako mtego mwingine wa juu hungoja kuacha nafasi na kuweka kichwa. Majina ya makro hayakuweza kuzidi herufi 2, jambo lililozifanya faili hizo zifanane na maandishi ya siri. Lakini siri ilikuwa ya umbo tu. Kila uamuzi juu ya ukurasa uliandikwa, na aliyetaka aliweza kuusoma na kuubadilisha.

Tanbihi ndizo zilizopima nguvu ya wazo hilo. Tanbihi hukaa chini ya ukurasa, kwa hiyo hupunguza nafasi ya maandishi. Maandishi yakipungua, huenda neno lenye tanbihi hiyo likasukumwa hadi ukurasa wa pili, na tanbihi ikalifuata, na nafasi ikarudi tena. Mpangaji wa herufi alilitatua tatizo hili kwa kutazama. Troff ililitatua kwa kuyageuza maandishi ya tanbihi yaingie pembeni, yakapimwa kimo bila kuchapwa, kisha mtego wa chini ukapandishwa juu kwa kadiri ya kimo hicho. Mike Lesk alikusanya maarifa ya namna hii katika furushi la makro liitwalo ms, ambamo mwandishi aliweka alama ya kichwa, ya jina lake na ya aya, bila kuijua mitego iliyotegwa chini. Kitabu cha Kernighan na Ritchie juu ya lugha ya C, cha mwaka 1978, kilipangwa kwa troff. Ossanna hakukiona, kwani alifariki mwaka 1977.

Inafaa kutaja hapa jambo ambalo vitabu vya Marekani hulipita upesi. Troff ilidhani kwamba karatasi ina urefu wa inchi 11, yaani sentimeta 27.94. Karatasi ya A4 ina sentimeta 29.7. Kanuni ya A4 ilianza Ujerumani mwaka 1922, na Ubelgiji iliipokea mwaka 1924. Ndiyo karatasi iliyozoeleka pia Kongo. Makro zilizosafiri kutoka Amerika hadi nchi za A4 zilibeba dhana hiyo ndani yake, na aliyesahau kuirekebisha aliona namba za kurasa zikielea juu ya mahali pake, kisha zikizidi kupanda ukurasa hata ukurasa, kwa zaidi ya sentimeta 1.7 kila mara.

Huko Stanford, Donald Knuth alikuwa akipigana vita vyake mwenyewe. Mwaka 1977 aliletewa sampuli za chapa mpya ya kitabu chake, zilizopangwa kwa mtambo wa mwanga badala ya risasi, akachukizwa na sura yake. Matokeo yake yalikuwa TeX. Ndani yake kuna amri za asili karibu 300. Nyingine karibu 600 ni makro zilizojengwa juu ya hizo, na zote zaweza kusomwa. Ukurasa unapojaa, TeX hukabidhi kila kilichokusanywa kwa makro moja, nayo huamua kichwa, tanbihi na namba. Knuth aliupa hata uzuri bei: kumwacha mstari mjane juu ya ukurasa hutozwa adhabu ya 150, na adhabu ya 10,000 ni katazo kamili. Lakini hata yeye alishindwa na vifaa vya siku zile. Aya alizipanga kwa kuitazama kila moja yote kwa pamoja. Kurasa zilibidi zikatwe moja moja, kwa kuwa kumbukumbu ya kompyuta haikutosha kushika kitabu kizima. (Sheria za kukata maneno mwishoni mwa mstari, alizoziunda mwanafunzi wake Frank Liang, ziliwekwa kwa Kiingereza, Kiswahili, ambacho silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, kingehitaji sheria chache zaidi.)

Leslie Lamport alipojenga LaTeX juu ya TeX katika miaka ya 1980, maelfu ya wanachuo waliondolewa mzigo wa kujua hayo. Ilikuwa nafuu kubwa, na ilikuwa pia hatua ya kurudi nyuma: utawala wa ukurasa ulihamia kwa watungaji wachache wa makro, na mwandishi akawa tena mleta maneno.

Njia nyingine ilipitia Xerox, ambako programu ya Bravo ilionyesha ukurasa kwenye kioo mnamo 1974. Charles Simonyi, mmoja wa waliyoiunda, alihamia Microsoft mwaka 1981, na Word ikatoka mwaka 1983. Toleo la Windows la mwaka 1989 lilileta WordBasic, na mtumiaji aliweza kufanya jambo mara moja, mashine ikalirekodi kama makro. Urahisi huo ulificha mengi. Vipimo vya ukurasa hukaa ndani ya alama ya mwisho wa sehemu; alama hiyo ikifutwa, sehemu nzima hurithi sura ya ile inayofuata, na mwanafunzi hushangaa jedwali lake lililolala limesimama wima. Tena Word ilizoea kupima mistari kwa kufuata printa, hata tasnifu ile ile ikabadilisha kurasa ilipohamishwa kutoka mashine hadi mashine.

Zaidi ya hayo, makro zilikaa ndani ya hati au kiolezo chake, na baadhi zilijiendesha hati inapofunguliwa. Mwaka 1995 kikatokea kirusi cha Concept, kilichojinakili kutoka hati hadi hati kwa njia hiyo. Tarehe 26 Machi 1999 Melissa ilijituma kwa anwani 50 za kwanza katika daftari la kila aliyeifungua. Katika Office ya mwaka 2007, Microsoft ilitenga faili zenye makro na zisizo nazo, na mwaka 2022 ikaanza kuzizuia moja kwa moja zile zinazotoka kwenye intaneti. Makro ya kurekebisha pambizo za tasnifu, ikitumwa na mwalimu kwa barua pepe, huzuiliwa mlangoni pamoja na kirusi.

Faili za ms za mwaka 1979, kwa upande wake, zinafunguka hadi leo kwa programu ya groff, iliyoandikwa na James Clark na kutolewa mwaka 1990. Mitego yake bado hufyatuka mahali ilipotegwa.