Mibuni ya Kando ya Ziwa na Funzo Lake

Kandokando ya barabara nyingi ziingiazo mjini Kampala, miche ya kila namna hupangwa ikiwasubiri wanunuzi. Imo miembe na miparachichi, na huonekana pia mitufaha, ambayo asili yake ni nchi zenye majira ya baridi kali. Mwananchi aupandaye mtufaha uani kwake mjini humo huvuna majani mengi na matunda haba, kwa sababu mti huo huhitaji kipindi cha baridi ndipo uchanue vizuri. Hasara ya mche mmoja ni ndogo. Lakini historia ya Uganda inaonyesha kwamba kosa la namna hiyo likifanywa kwa mashamba mazima, hugharimu mali nyingi na miaka mingi ya jasho.

Mwaka 1898 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilianzisha bustani ya mimea huko Entebbe, kwenye ufuko wa Ziwa Victoria. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Alexander Whyte, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi kama hiyo Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Bustani hiyo haikuwekwa kwa ajili ya matembezi. Reli kutoka Mombasa ilikuwa ikijengwa, nayo ilifika Kisumu mwaka 1901. Serikali ilitaka mazao ya kusafirishwa ili gharama zake zilipwe. Kwa hiyo ililetwa mimea kutoka pande nyingi za dunia, ikiwemo mipira, mikakao na kahawa ya arabika, ipandwe na kuangaliwa ni ipi ingestawi.

Walowezi waliopewa mashamba katika Buganda hawakuwa na subira ya kutosha. Bei ya mpira ilipopanda sana mwaka 1910, wengi wao walipanda mipira pamoja na arabika. Arabika ilikuwa na sifa kubwa katika masoko ya Ulaya, na hiyo sifa ndiyo iliyowavuta. Lakini asili ya arabika ni misitu ya milima ya Ethiopia, ambako usiku huwa na baridi. Nchi ya kando ya ziwa, yenye kimo cha mita 1,200 hivi, ina joto na unyevu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Hali hiyo huipendeza kutu ya majani, ugonjwa wa kuvu uonekanao kama unga wa rangi ya machungwa chini ya jani. Majani hupukutika, matawi hukauka, na mavuno hupungua.

Onyo lilikuwapo. Kutu hiyo ilionekana kisiwani Ceylon mwaka 1869, na katika muda wa miaka 20 hivi iliyaangamiza mashamba ya kahawa ya kisiwa hicho, hata wakulima wake wakageukia chai. Na kabla ya hapo, mwaka 1861, ugonjwa huo ulikwisha kuonekana kwenye mibuni ya mwituni katika eneo la Ziwa Victoria lenyewe. Maana yake ni kwamba arabika ilipandwa jirani na adui wake.

Wakati huo huo, Waganda walikuwa na kahawa yao. Tangu zamani kabla ya kuja kwa Wazungu, familia zilitunza mibuni michache kando ya migomba. Buni zake zilichemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa, kisha zikatafunwa na kukaribishiwa wageni. Watu wawili waliofanya udugu wa kuchanjiana walishiriki buni za mche huo. Kahawa hiyo ni robusta, mzaliwa wa misitu ya nchi hizi, ambayo ilizoea joto, unyevu na hata kutu. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Walowezi hawakuusikia usemi huo.

Bei za mazao zilipoanguka mwaka 1920 na 1921, mashamba mengi ya walowezi yalifilisika. Robusta ndiyo iliyobaki na kuenea kando ya ziwa, tena zaidi mikononi mwa wakulima wadogo. Arabika nayo haikutupwa. Ilipata makao yake kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambako wakulima wa Bugisu waliistawisha hata wakaunda chama chao kikuu cha ushirika mwaka 1954. Mti ulioshindwa bondeni ulifaulu mlimani, na hivi leo robusta ni takriban asilimia 80 ya kahawa yote ya Uganda.

Ingekuwa makosa kudhani kwamba funzo la historia hii ni kukataa kila kitokacho nje. Ndizi, ambazo ni chakula kikuu cha Buganda, asili yake ni Asia. Mahindi, maharage na mihogo vilitoka Amerika. Wala mzaliwa naye hana kinga ya milele: mwaka 1993 ugonjwa wa mnyauko ulionekana Bundibugyo, na katika muda wa miaka kumi hivi uliua karibu nusu ya mibuni ya robusta nchini. Dawa yake haikutoka mbali. Wataalamu wa Uganda waliichunguza mibuni iliyobaki hai, wakachagua iliyohimili ugonjwa, na kuizalisha kwa vipandikizi.

Ni dhahiri basi kwamba swali la kumwuliza mwuza miche si kama mti huo una sifa mbali, bali umekwisha kuzaa wapi katika nchi hii, kwa kimo gani, na kwa mvua gani. Mche mpya hupandwa kidogo kwanza, huangaliwa kwa misimu kadhaa, na ukifa huandikwa sababu ya kufa kwake. Mbuni huchukua miaka mitatu hivi kabla ya mavuno ya kwanza. Mlowezi aliyekosea aliweza kupanda meli akarudi kwao. Mkulima mdogo hana pa kurudi, na miaka mitatu iliyopotea kwake ni karo ya watoto. Hali ya hewa inapozidi kubadilika, na miche migeni inapozidi kuletwa, wajibu wa mabwana shamba ni kumfikishia mkulima matokeo ya majaribio kabla hajatoa fedha yake, na si baada ya mti kukauka.