Ukishaingia umeaminiwa: Kosa la miaka mingi mitandaoni

UKITOKA mjini Meru kwa barabara ya Maua, baada ya takriban kilomita 15 utafika Nchiru. Wazee wanapajua kwa makao ya Njuri Ncheke, baraza la jadi la Wameru ambalo mtu hajiungi nalo bila kula kiapo. Vijana wanapajua kwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru (MUST), kilichoanza mwaka 1983 kama chuo cha ufundi kwa juhudi za wenyeji. Mwaka 2008 kilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta (JKUAT), na Machi 2013 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili.

Katika kipindi hicho, vitu vilivyokuwa vikifungiwa kabatini kwa msajili katika vyuo vya Kenya vimehamia kwenye kompyuta: maombi ya kujiunga, karo, alama za mitihani, hata mishahara ya wafanyakazi. Shirika la KENET, lililoanzishwa mwaka 1999, limekuwa likiunganisha vyuo na taasisi za utafiti kwa intaneti. Mafaili yalipohama, na wezi nao walihama.

Kinga ya kwanza ilikuwa kulinda mpaka. Taasisi iliweka ukuta wa moto (firewall) kati ya mtandao wake na intaneti, ikawagawia wafanyakazi nywila, ikalala usingizi. Ilikuwa kama kiapo cha baraza: ukishaingia, wewe ni mwenzetu. Shida ni kwamba kompyuta haimtambui mtu kwa sura. Anayeiba nywila ya karani huonekana kuwa ndiye karani, na akishapita mlangoni hupekua chumba baada ya chumba bila kuulizwa.

Kenya ilionja uchungu wa udukuzi Januari 2012, pale mdukuzi aliyejitambulisha kuwa wa Indonesia alipovamia tovuti 103 za serikali kwa mkupuo mmoja. Machi 2017, mtaalamu mmoja wa kompyuta alishtakiwa mahakamani Nairobi kwa madai ya kuingilia mfumo wa Mamlaka ya Ushuru (KRA) na kuisababishia hasara ya karibu Sh4 bilioni. Alikana mashtaka.

Ng'ambo, dosari hii ya kumwamini kila aliye ndani ilikuwa imeonekana mapema. Mwaka 2004, wakuu wa usalama wa kampuni kubwa waliunda Jericho Forum, wakasema mpaka wa mtandao unayeyuka kwa kuwa wafanyakazi, washirika na data haviko tena ndani ya jengo moja. Mwishoni mwa 2009, wadukuzi walipenya mifumo ya Google na kampuni nyingine kadhaa. Google ilitangaza shambulizi hilo Januari 2010, kisha ikaanza kujenga mfumo iliouita BeyondCorp, ambapo kuwa ofisini hakumpi mfanyakazi upendeleo wowote. Mwaka huohuo wa 2010, John Kindervag, mchambuzi wa kampuni ya Forrester, aliipa fikra hiyo umbo na jina lililoenea duniani: Zero Trust, yaani usimwamini yeyote kabla ya kumthibitisha.

Agosti 2020, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha mwongozo wake kuhusu mfumo huo. Miezi michache baadaye ikagunduliwa kwamba wadukuzi walikuwa wamepenyeza programu haribifu ndani ya masasisho ya kampuni ya SolarWinds, ambayo wateja waliyapokea kwa kuwa yalitoka kwa kampuni waliyoiamini. Mei 2021, Rais wa Marekani wa wakati huo, Joe Biden, aliamuru idara za serikali yake ziandae mipango ya kuhamia kwenye mfumo wa Zero Trust.

Kwa vitendo, hali huwa hivi. Karani wa mitihani anapofungua alama saa nane mchana, mfumo humwomba nywila, kisha namba ya uthibitisho kupitia simu yake. Hukagua pia kama kompyuta anayotumia ni ya chuo na imesasishwa. Akikubaliwa, anaona alama za kitivo chake tu. Mishahara haimhusu, kwa hivyo haioni. Akaunti hiyohiyo ikijitokeza saa tisa usiku kutoka nchi ya mbali, inafungiwa. Hata akiibiwa nywila, mwizi hafiki mbali.

Mkenya si mgeni wa utaratibu huu. Tangu M-Pesa izinduliwe Machi 2007, kila ukituma pesa unaombwa namba ya siri, hata kama ulituma dakika moja iliyopita kwa simu ileile.

Hata hivyo, mfumo huu si dawa ya kila ugonjwa. Julai 2023, huduma za eCitizen, jukwaa la huduma za serikali mtandaoni, zilikwama baada ya kundi lililojiita Anonymous Sudan kuzifurisha kwa maombi bandia. Waziri wa Habari na Mawasiliano wa wakati huo, Eliud Owalo, alisema hakuna data iliyopotea. Mafuriko ya aina hiyo yana kinga zake.

Sheria nayo imekaza kamba. Ile ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018 inamwandama mdukuzi, na ile ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaibana taasisi yenyewe: data za watu zikivuja na kuwaweka hatarini, sharti imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72.

Wanaosimamia vyuo, kaunti, hospitali na vyama vya akiba wasingoje bajeti nono. Wafute leo akaunti za waliostaafu na waliohama, wawashe uthibitisho wa pili kwa kila anayegusa fedha au alama, wampe kila mfanyakazi kile tu kazi yake inachohitaji, kisha watenganishe mtandao wa wageni na ule wa ofisi. Hatua hizo nne hazihitaji mitambo ya mamilioni. Zinahitaji mkuu wa taasisi atakayekubali kuulizwa yeye ni nani, sawa na karani wake.