Chumba Nacho Hufundisha

Wengi wetu tulisoma chuoni juu ya jamvi, bega kwa bega, macho yetu kwenye fimbo ya mwalimu. Kurani tuliipata, alhamdulillahi, ila chumba chenyewe hakikutufundisha neno.

Mwaka 1986, huko Liwatoni, Mombasa, Bi Swafiya Said alianza chuo cha watoto wadogo cha namna nyingine, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Katika vyuo vya mpango huo chumba kiligawanywa pembe pembe: pembe ya vitabu, ya kujenga, ya mchezo wa nyumbani. Vifaa, kama vifuu na vizibo vya chupa, viliwekwa chini, mtoto avifikie, achague, kisha avirudishe mahali pake. Kurani haikuachwa. Mwaka 1990 mpango ulifika Unguja, na mwaka 1993 Uganda.

Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Hapa Kashojwa vifuu hatuna. Magunzi, vibuyu na udongo wa kufinyanga tunavyo. Basi kabla ya kumwambia mtoto kuwa ni mzito wa kufahamu, na tuishushe kwanza rafu.