Mutomo: Tarehe ya Mji wa Mwamba

Mji wa Mutomo, ulioko kusini mwa Kitui katika njia itokayo Kibwezi, umekaa miambani, na atakaye kuijua tarehe yake sharti aanze na miamba hiyo kabla ya kuyatazama maduka. Kwani katika nchi ambayo mvua za masika aghalabu huwavunja moyo wakulima, na ambayo tegemeo lake kubwa ni vuli ya Novemba na Desemba, ujenzi wenye hekima tangu hapo ulikuwa ule uliojua kutafuta kivuli na kuyazuia maji.

Nyumba za Wakamba wa zamani zilikuwa za mviringo, za fito na nyasi, na penye lango la boma palikuwa na thome, kivulini, ambapo wanaume waliketi kuamua mashauri na kupokea wageni. Hivyo ndivyo ilivyokuwa nchi zama za misafara ya pembe kwenda Mombasa, alipokuja mmisionari Krapf mwaka 1849 na kukaribishwa na Kivoi, tajiri mashuhuri wa Kitui. Baadaye reli, iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896, ikapita Kibwezi, na bidhaa za pwani, mabati yakiwa miongoni mwake, zikawa karibu zaidi. Duka la Ukambani la siku hizo lilikuwa na chumba cha kuuzia, ghala nyuma, na mbele baraza pana yenye nguzo, ambapo fundi cherehani alishona, wazee wakazungumza, na mpita njia akajistiri jua bila kuulizwa atanunua nini. Baraza ile ilikuwa thome iliyohamia sokoni.

Lakini fahari ya kweli ya nchi hii iko juu ya miamba. Tangu miaka ya 1950, na kwa bidii zaidi katika miaka ya 1980 ulipokuwapo mradi wa kuhifadhi udongo na maji uliosaidiwa na Wadenmark, watu wa Mutomo wamejenga malambo ya miambani kwa ustadi unaostahili kutazamwa kwa makini. Kwanza udongo na majani huondolewa mpaka jiwe likabaki tupu. Kisha mawe hupangwa na kushikwa kwa saruji, yakawa vikuta vifupi vinavyozunguka ubavu wa mwamba kwa mwinamo mdogo, ili maji yote yakimbilie upande mmoja, hadi penye bonde la jiwe lililozibwa kwa ukuta mnene. Na kutoka hapo bomba huteremka mpaka kwenye kioski, maji yakijishusha yenyewe pasipo injini wala mafuta. Mawe yaliokotwa papo hapo, mchanga ulitoka mtoni, na kazi ilikuwa ya mwethya, yaani vikundi vya kusaidiana kazi, wengi wao wanawake, waliobeba saruji na maji kichwani kupanda mwambani. Nathubutu kusema kwamba Mutomo haina jengo zuri kuliko hayo, kwa kuwa kila jiwe lina sababu ya kuwapo lilipo.

Sasa lami imefika, na kama ilivyo katika miji mingi ya Kenya, kando ya barabara yanainuka masanduku ya bloku yasiyo na baraza, yenye vioo vya samawati vinavyolipokea jua la alasiri, na mabati yaliyofichwa nyuma ya ukuta wa urembo, ambayo mvua ikinyesha huimwaga barabarani. Hilo ndilo linalonikera. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi paa la mita 100 za mraba, katika mwaka wa milimita 600, hupokea lita 60,000, na hata robo ikipotea hubaki mitungi 2,250 ya lita 20. Maji hayo huachwa yachimbe makorongo mbele ya mlango, na kiangazi kikiingia mwenye nyumba hununua maji kwa mtungi, kutoka mgongoni mwa punda.

Simlaumu mwenye duka peke yake, ambaye ana mkopo wa kulipa na fundi anayenakili jengo la jirani. Wala umaskini si udhuru, maana walioyajenga yale malambo ya miambani walikuwa maskini kuliko sisi. Kilichokosekana ni fikira, na amri ya kuilazimisha. Upangaji wa miji umo mikononi mwa kaunti kwa Katiba ya 2010, na sheria ya upangaji wa matumizi ya ardhi ya 2019 imeipa kaunti uwezo wa kukataa ramani. Basi na itumie uwezo huo: ramani ya duka la Mutomo isiyo na baraza, mifereji ya paa na tangi, irudishwe kwa mwenyewe.