Kiyoyozi, kasoro za ufungaji (pwani ya Bagamoyo)

Kasoro za kufunga kiyoyozi cha nyumbani hupunguza ubaridi na kuongeza matumizi ya umeme, hata mashine ikiwa mpya. Kosa baya kuliko yote ni fundi kufungulia gesi kabla ya kunyonya hewa na unyevu kwa pampu: hewa iliyobaki hupandisha presha, na kompresa huchemka. Kiungo cha bomba la shaba kisichokazwa sawasawa huvujisha gesi polepole. Gesi ikipungua hivyo, mara nyingi barafu huganda kwenye bomba jembamba. Kutoka Kunduchi hadi Bagamoyo, mashine ya nje ikielekezwa baharini bila kinga, chumvi hula mapezi yake ya alumini. Bomba la kutolea maji lisilo na mteremko hulowesha ukuta, hasara kubwa kwa nyumba za matumbawe na chokaa za Mji Mkongwe wa Bagamoyo.