Kompyuta Inapopigiwa Hodi

Kompyuta ikiganda kila baada ya dakika chache, mtandao ukapotea na kipanya kikawa kizito, jawabu la kwanza utakalopewa na mafundi wengi ni kuwa bodi imekufa. Huenda ikawa kweli. Lakini upo ugonjwa mwingine wenye dalili hizohizo, nao ni ugonjwa wa hodi.

Prosesa haishindi ikichungulia kila kifaa kuuliza kama kina jambo. Ingefanya hivyo isingepata muda wa kazi. Kifaa chenye haja ndicho kinachobisha hodi, prosesa ikaweka kazi yake kando, ikamhudumia mgeni, kisha ikarudi ilipoachia. Hodi hiyo mafundi wanaiita intarapti.

Katika njia ya zamani ya PCI, iliyotoka mwaka 1992, hodi ilipigwa kwa waya. Waya zilikuwa nne tu, A hadi D, na vifaa vilishirikiana. Fikiria nyumba ya vyumba vingi yenye kengele moja: ikilia, kila mpangaji atoke aulize, "Ni mgeni wangu?" Tena kengele yenyewe ni ya kubonyezwa bila kuachiwa. Mgeni haondoi kidole mpaka mwenyewe amjibu.

Ndipo balaa linapoingia. Jamaa yangu mwenye saiba hapa Kariokor alitajiwa bei ya bodi mpya kwa mashine yake ya Linux, na pesa zile zilikuwa kodi ya duka ya miezi. Nikamwomba anifungulie kumbukumbu za mfumo kwanza. Mlikuwa na mstari unaosema laini namba 16 imelia na hakuna aliyejali. Wallahi ndivyo Linux inavyoandika! Maana yake, katika hodi 100,000 za laini moja, zaidi ya 99,900 hazikupata mwenyewe, basi mfumo ukaifunga laini nzima. Kadi ya mtandao, isiyo na kosa lolote, ilikuwa kwenye laini hiyohiyo, ikanyamazishwa pamoja na mkosaji. Mkosaji alikuwa kadi ya sauti ya zamani ambayo hakuna aliyeitumia. Tuliing'oa, mtandao ukarudi, na bodi ni ileile mpaka leo.

Njia ya kisasa, PCI Express, haina waya hizo kabisa. Kifaa cha zamani kikitaka kubisha kwa mtindo wa A hadi D, hutumwa ujumbe wa kusema "nimebonyeza" na mwingine wa "nimeachia", kuigiza waya isiyokuwepo. Lakini mtindo wake hasa ni MSI: kifaa huandika namba fulani kwenye anwani maalumu, kama vile kinavyoandika data kwenye memori, na kule kuandika ndiko hodi yenyewe. Hakuna haja ya kuuliza mgeni ni wa nani, namba inajieleza. MSI humpa kifaa namba hadi 32, na ndugu yake MSI-X hadi 2,048. Ndiyo sababu diski ya NVMe inaweza kuipa kila kiini cha prosesa foleni yake na hodi yake.

Faida nyingine haizungumzwi sana, nami naiona kubwa zaidi. Hodi ya waya ilikuwa na njia yake pekee, hivyo iliweza kufika kabla ya data. Prosesa inafungua mlango, mzigo bado uko njiani. Draiva ililazimika kwanza kukisoma kifaa ili kuhakikisha mzigo umetua. Hodi ya MSI hupita njia ileile ya data, nyuma yake, wala haiipiti.

Hata hivyo hodi zikizidi ni mateso. Kadi ya gigabiti moja yaweza kupokea pakiti ndogo zipatazo milioni 1.48 kwa sekunde. Kila moja ikibisha, prosesa haitafanya lingine. Kwa hiyo Linux ikisikia hodi ya kwanza huizima kengele, ikachota pakiti kwa mafungu mpaka ziishe, kisha ikaiwasha tena.

Kabla hujalipa bodi, tazama. Kwenye Linux fungua faili /proc/interrupts: kila laini ina hesabu yake, na inayopanda kwa kasi wakati mashine imetulia ndiyo ya kushukiwa. Kwenye Windows, orodha ya vifaa ikipangwa kwa rasilimali, vyenye namba hasi vinatumia MSI. Vyenye namba moja ya kawaida kwa pamoja ndivyo wapangaji wa kengele moja. Anza kuchomoa hapo.