Jinsi Leseni ya Fiziotherapia Ilivyopata Tarehe ya Mwisho

Katika jimbo la California, leseni ya mtaalamu wa fiziotherapia huisha siku ya mwisho ya mwezi aliozaliwa, kila baada ya miaka 2. Pennsylvania huzifunga zote kwa pamoja tarehe 31 Desemba ya mwaka wa namba shufwa. Florida nayo imechagua 30 Novemba, mwaka wa namba witiri. New York ina utaratibu wa peke yake: leseni yenyewe ni ya maisha, ila mwenye nayo lazima ajisajili upya kila miaka 3, na asiyejisajili haruhusiwi kufanya kazi. Kazi ni ileile, misuli na mifupa ni ileile, lakini kila jimbo lina kalenda yake. Nyuma ya kalenda hizo kuna swali ambalo Marekani imelibishania kwa zaidi ya karne: ni nani anayemdhamini mtu anayeweka mikono juu ya mwili wa mgonjwa, na dhamana hiyo hudumu kwa muda gani?

Kwamba jambo hili liko mikononi mwa majimbo, wala si serikali kuu ya Washington, lilithibitishwa kabla fiziotherapia haijawa taaluma nchini humo. Mwaka 1889 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi ya Frank Dent, tabibu wa West Virginia aliyeshtakiwa kwa kutibu watu bila kibali cha jimbo. Dent alikuwa na cheti cha chuo, lakini bodi ya jimbo haikukitambua. Jaji Stephen Field aliandika kwamba jimbo lina haki ya kudai ujuzi kwa yeyote anayeshika maisha ya watu. Dent alishindwa, na bodi za majimbo zikapata nguvu zilizo nazo mpaka leo. Pennsylvania huhesabiwa kuwa jimbo la kwanza kuwapa leseni wataalamu wa tiba hii, mwaka 1913. New York ilifuata 1926.

Katikati ya miaka hiyo miwili ilipita vita. Wanajeshi walirudi kutoka Ufaransa wakiwa wamekatwa miguu, mishipa ya fahamu imechanika, viungo vimekakamaa, na jeshi likatafuta wanawake wa kuwakanda na kuwafundisha kutembea upya. Mary McMillan, mzaliwa wa Massachusetts aliyelelewa na kusomea Uingereza, alianza kazi hiyo mwaka 1918 katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed, kisha akaenda Reed College, Portland, kufundisha kundi kubwa la wanawake hao. Januari 1921, 30 kati yao walikutana katika mkahawa mmoja wa New York, wakaanzisha chama chao na kumfanya McMillan kuwa rais wa kwanza. Chama kilianza na wanachama waasisi 274. Wengi wao hawakuwa na leseni ya jimbo lolote, kwa kuwa majimbo yao hayakuwa nayo. Dhamana yao ilikuwa ni daktari aliyewaandikia kazi ya kufanya.

Utegemezi huo haukuwa wa adabu tu. Uliandikwa. Kanuni za maadili za chama za mwaka 1935 ziliacha kutambua ugonjwa, kutabiri hali ya mgonjwa na kuamua tiba vyote mikononi mwa daktari. Katika muongo huohuo madaktari walianzisha rejista yao ya kuwaorodhesha wataalamu hawa, wakiwaita mafundi. Mahali ambapo jimbo halikuwa na sheria, rejista hiyo ndiyo iliyosimama badala ya leseni. Ilifungwa mwaka 1971. Hata California, ilipopitisha sheria yake ya fiziotherapia mwaka 1953, iliiweka kazi hii chini ya bodi ya madaktari.

Na kuhuisha? Mahali palipokuwa na leseni, kuihuisha kulikuwa hasa ni jambo la ada na rejista. Mtu alilipa, jina likabaki kwenye orodha. Hakuna aliyemuuliza kama alichojifunza miaka 20 iliyopita bado ni kweli.

Hapo ndipo polio ilipotoa somo. Miaka ya 1930 mtoto aliyepooza kwa polio alifungwa vibanzi au plasta, kiungo kikaachwa bila kusogezwa kwa wiki nyingi, kwa hofu kwamba misuli yenye nguvu ingeivuta ile dhaifu na kupinda mwili. Wataalamu walivyofundishwa ndivyo walivyofanya, na walifanya kwa upendo. Mwaka 1940 muuguzi kutoka Australia, Elizabeth Kenny, alifika Marekani na kuanza kazi Minneapolis akiwa na njia iliyo kinyume kabisa. Alichukua vitambaa vya sufu, akavichemsha, akavikamua mpaka visidondoshe tone, akavikata kwa umbo la misuli yenyewe na kuvifunga juu ya paja au mgongo uliokakamaa, huku viungio vikiachwa huru. Maumivu yalipopungua, alikisogeza kiungo polepole na kumfundisha mtoto kuuhisi tena msuli wake. Maelezo yake kuhusu ugonjwa huo madaktari wengi waliyakataa. Tiba yenyewe, hata hivyo, ilienea nchi nzima kwa miaka michache, na wataalamu wakasafiri hadi Minneapolis kujifunza.

Walisafiri kwa hiari yao. Aliyebaki nyumbani na vibanzi vyake aliendelea kuwa na leseni halali sawasawa na aliyekwenda. Kwangu mimi hii ndiyo hoja yenye uzito kuliko zote: mgonjwa hawezi kujua ni yupi kati ya wawili hao aliyesimama mbele ya kitanda chake. Na polio haikuwa peke yake. Kwa miaka mingi wenye maumivu ya mgongo waliamriwa kulala kitandani kwa siku nyingi, mpaka utafiti uliochapishwa 1986 katika jarida la New England Journal of Medicine ulipoonyesha kwamba siku 2 za kulala ziliwafaa sawa na siku 7.

Wazo la kumtaka mwenye leseni asome ili aihuishe lilianzia kwa madaktari. New Mexico ndiyo iliyotangulia, mwaka 1971. Bodi za fiziotherapia zilifuata moja moja, bila haraka. New York ilianza kudai saa za masomo Septemba 2009, 36 kwa kila miaka 3.

Wakati huohuo daktari alikuwa akiondoka katikati. Nebraska iliruhusu mwaka 1957 mgonjwa aende moja kwa moja kwa mtaalamu wa fiziotherapia bila barua ya daktari, na kufikia 2015 majimbo yote 50 yalikuwa yameruhusu jambo hilo kwa kiwango fulani. Ushindi huo ulikuja na mzigo wake. Zamani mtaalamu aliyechelewa kujua aliweza kusahihishwa na daktari aliyemtuma mgonjwa. Sasa mwenye maumivu ya bega huingia kutoka barabarani, na kinachomlinda ni leseni iliyotundikwa ukutani.

Pennsylvania leo hudai saa 30 kila miaka 2. Ndani yake kuna 2 za sheria au maadili, na 2 za kutambua na kuripoti watoto wanaodhulumiwa. Hizi za mwisho zina chanzo chake: mwaka 2012 kocha wa zamani wa chuo kikuu cha Penn State alitiwa hatiani kwa kuwadhulumu watoto kingono, na jimbo likaziandika upya sheria zake za kuwalinda watoto. Wapo wanaolalamika kwamba saa hizo 2 hazihusiani na goti wala nyonga. Siungani nao. Anayemvua mtoto shati ili apime uti wa mgongo huona michubuko ambayo mwalimu haioni darasani. Lawama yenye haki ni nyingine: saa huthibitisha kwamba mtu alihudhuria, hazithibitishi kwamba mikono yake imebadilika.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, wingi huu wa bodi unashangaza. Kenya ilipopitisha sheria yake ya wataalamu wa fiziotherapia mwaka 2014, iliunda baraza moja kwa nchi nzima. Aliyesomea Nairobi au Moshi akahamia Marekani hupimwa vyeti vyake, hufanya mtihani wa kitaifa, halafu bado huomba leseni ya jimbo moja tu. Akivuka mpaka kufuata kazi, huanza kuomba tena.

Ugumu huo ndio uliozaa mkataba wa majimbo. Oregon ilitangulia kuupitisha mwaka 2016, mwaka uliofuata majimbo yakatimia 10, na Julai 2018 vibali vya kwanza vilitolewa Missouri na Tennessee. Mwenye leseni ya Tennessee hulipia kibali cha kutibu Missouri bila kupitia maombi yote upya. Kibali hicho kinaning'inia kwenye leseni ya nyumbani: tarehe ya Tennessee ikipita bila kuhuishwa, vibali vya majimbo mengine yote huzimika nayo siku hiyohiyo, na wagonjwa waliopangiwa Missouri kesho yake hawana wa kuwatibu.